Mshale Niliouacha Nje

Ningeweza kukataa. Profesa aliniuliza mbele ya watu kama mshale wa mke wangu unaweza kubaki nje ya mchoro, nami nikasema ndiyo, unaweza. Hakunilazimisha. Aliuliza kwa sauti ya chini, ameshika uzi mwekundu mkononi, na kama ningesema hapana angeurudisha ukutani na tungebishana hadi kesho yake. Nilisema ndiyo kwa sababu nilitaka mchoro uwe safi.

Nieleze kwanza ulikuwa mchoro wa nini. Hapa Kisangani mto ndio barabara yetu. Mashua ndefu za mbao tunazoziita balenyeri zinashuka hadi Isangi, hadi Barumbu na mbele zaidi, kisha zinapanda tena na samaki wa moshi, mkaa, mihogo, mbuzi na watu. Na zinazama. Kila zinapozama, kila mtu humlaumu yule ambaye hakumpenda tangu mwanzo. Wenye mashua huwalaumu abiria, abiria humlaumu nahodha, nahodha huwalaumu maofisa wa mtoni, na maofisa humwachia Mungu. Profesa, mwanamke wa chuo kikuu ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, alikuja na wazo kwamba watu hao wote wakae chumba kimoja wachore pamoja kwa nini mashua zinazama. Alisema ripoti alikuwa nazo za kutosha, na kila ripoti ilisema maneno ya mtu mmoja. Alitaka kitu ambacho nahodha na muuza samaki wangeweza kukitazama kwa pamoja na kila mmoja akajikuta humo.

Alihitaji mtu wa kushika kalamu. Mimi nilikuwa mchoraji katika kiwanda kimoja cha hapa mjini kilichofungwa zamani. Nilichora vipuri vya mashine kwa rula na wino. Sikusoma zaidi ya sekondari ya ufundi, lakini mkono wangu ulijulikana. Mke wangu naye aliitwa, na si kwa sababu yangu. Alikuwa akifanya biashara ya samaki wa moshi njia ya Isangi tangu kabla ya watoto wetu kuzaliwa, na akina mama wa sokoni ndio waliomchagua awasemee.

Tulikutana katika ukumbi wa parokia. Kila mtu alipewa vikaratasi, na kwenye kila kikaratasi jambo moja: mzigo mwingi, injini mbovu, mbao zilizooza, kusafiri gizani. Asiyeandika alichora. Tulivibandika ukutani kwa misumari midogo, halafu tukavuta nyuzi kati yake. Uzi mwekundu ulimaanisha hili likiongezeka na lile linaongezeka. Uzi wa bluu ulimaanisha hili likiongezeka lile linapungua. Mwisho wa kila uzi tulifunga fundo ili ijulikane mshale unaelekea wapi. Wino ulikuwa wa baadaye, kazi yangu, kwa sababu uzi unahamishika na wino hauhamishiki.

Siku ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Kulikuwa na nahodha mmoja mnene, mtu wa utani, aliyesimama mapema kabisa.

"Shida ni bamama," alisema. "Mama moja anapanda na gunia tano, ukimuuliza anasema ni sakoshi ya mukono tu."

Mke wangu alimjibu bila hata kuinuka. "Na weye unakamata feza ya ile sakoshi, unatia mu mufuko. Ama ni muzimu wako njo anakamata?"

Ukumbi mzima ulicheka. Profesa aliacha kicheko kiishe, kisha akachukua uzi.

"Bon. Nahodha, kwa nini unapakia sana?"

"Juu ya taxe. Kila kituo, lipa. Nisipopakia sana, narudia nyumbani mikono mitupu."

"Ukipakia sana?"

"Mashua inaenda polepole."

"Ikienda polepole?"

"Giza inatukuta njiani. Mu giza tunagonga muti, mbao inapasuka, natengeneza. Kutengeneza ni feza. Alors, safari ya kufuata napakia zaidi..."

Uzi ulikuwa umerudi kwenye kikaratasi kilekile tulichoanzia. Nahodha alisogea hadi ukutani, akaufuata kwa kidole, akageuka.

"Mama yangu! Kumbe nazunguka kama mbuzi ya kufungwa ku kamba."

Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Kila mtu alianza kujiona ukutani, na aliyejiona hakuwa na haraka tena ya kumnyooshea mwenzake kidole. Nimeona mikutano mingi maishani na sijaona mwingine wa namna ile. Lakini mimi, niliyekuwa nimesimama karibu na ukuta kuliko wote, nilianza kuogopa. Nyuzi ziliongezeka. Hakukuwa na jambo lililosimama peke yake. Ukigusa injini unavuta giza, ukigusa taxe, yaani ushuru, unavuta mbao zilizooza, na nyuzi zote mwishowe zilikwenda kwenye kikaratasi kimoja kilichokuwa juu, pembeni kulia, ambacho juu yake mtu alikuwa amechora mashua iliyopinduka. Nilikuwa nimesafiri mtoni tangu utoto bila kuwaza. Sasa kila nilipotazama pembe ile nilihesabu mashua nilizowahi kupanda.

Siku ya mwisho, wakati watu wameanza kukusanya mikoba yao, mke wangu alisimama na kikaratasi chake. Alikuwa amechora balenyeri, na ubavuni mwake mitumbwi midogo mingi.

"Pirogi zikikuja kuuzisha, batu bote banakimbia upande moja," alisema. "Mashua inalala. Nimeona mara mingi. Siku moja haitainuka."

Aliyemjibu alikuwa mama wa kijiji kimoja cha chini ya mto. Alikuwa akiuza chikwangue, mkate wa mihogo, kutoka mtumbwini mwake, na wauzaji wenzake ndio waliomtuma.

"Dada, unataka kutuua na njaa? Mukivuta ile uzi, kesho mukubwa moja atasema pirogi zisikaribie tena mashua. Nitauzishia nani? Viboko?"

"Sisemi bafukuze pirogi. Nasema batu bakae chini, pirogi zikuje pande mbili."

"Weye unasema vile. Karatasi yabo itasema ingine."

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililotukwamisha. Kanuni tuliyojiwekea ilikuwa kwamba mchoro wa mwisho ubebe tu yale ambayo kila mtu amekubali, ili pasiwepo wa kusema baadaye kwamba si wake. Mke wangu hakukubali kuondoa, yule mama hakukubali kuweka. Jua lilikuwa linashuka, na waliokaa ng'ambo ya kushoto walitaka kuvuka mto mapema.

Profesa aliufunga uzi ili tuutazame. Kikaratasi cha mitumbwi kilikuwa chini kabisa kushoto, na mashua iliyopinduka ilikuwa juu kulia. Uzi ulipita juu ya ukuta mzima, ukakatiza nyuzi zote nyingine. Nami mchana, wenzangu wakila, nilikuwa nimebaki kuhamisha vikaratasi ili pasiwe na uzi unaomkata mwenzake. Kiwandani mkuu wangu alinifundisha kwamba mistari inayokatana ni kazi ya mtu ambaye hajafikiri. Ukuta wangu ulikuwa umetulia. Uzi ule uliufanya uonekane kama kitu kilichochafuliwa.

Ndipo Profesa alipoufungua tena, akaushika mkononi, akaniuliza.

"Unaweza kubaki nje," nilisema. Kisha nikaongeza neno ambalo hakuniuliza. "Hata hivyo uko ndani ya mzigo mwingi. Watu nao ni mzigo."

Ilisikika kama elimu. Watu walitikisa vichwa. Haikuwa kweli, na nilijua si kweli. Uzito wa mzigo ni jambo moja na mahali unapokaa ni jambo lingine. Nililijua tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Mke wangu alinigeukia.

"Muzigo haikimbiake, papa," alisema. "Mutu njo anakimbia."

Watu walicheka tena, kwa sababu kila aliposema walicheka. Uzi ulibaki mkononi mwa Profesa. Mke wangu hakuwa mtu wa kubishana na mumewe hadharani. Alikikunja kikaratasi chake, akaketi. Jioni akiwa anaponda ndizi za lituma alisema mara moja tu, mgongo wake ukiwa kwangu: "Ulipenda ukuta yako."

Nilichora mchoro wa mwisho kwa rangi juu ya turubai jeupe, ukatundikwa mahali mashua zinapoondokea. Ulikuwa mzuri. Hata sasa nasema ulikuwa mzuri. Watu walisimama mbele yake na kuusoma kwa vidole. Manahodha walianza kupaka mstari mweupe ubavuni mwa mashua, na maji yakiufikia hawapokei tena gunia. Jaketi za kuokolea zilipatikana. Mashua zikaacha kuondoka alasiri. Nahodha wetu mnene alijichorea nakala ndogo akaibandika karibu na usukani, na akipakia alikuwa akiiuliza kwa sauti kama mtu anayemuuliza mke wake: "Sawa? Umeridhika?"

Mimi hofu ilizidi. Sikuweza tena kutazama mto bila kuona mistari. Nilipoona moshi mweusi wa injini niliona mshale ukitoka humo kwenda pembe ya kulia juu. Nilikataa kuvuka kwenda ng'ambo hata kwa mazishi ya jirani. Mke wangu alipokuwa safarini sikula. Nilishuka bandarini asubuhi na tena mchana, nikajifanya naangalia turubai langu, kumbe nasikiliza kama kuna mtu anayelia.

"Muchoro yako imekuroga," aliniambia aliporudi safari moja. "Mie nasafiri, weye unazama."

Kisha kaka yake akafariki Isangi. Hakukuwa na namna ya kutokwenda matanga ya shemeji yangu, na nilijua nikibaki nyumbani nitakufa kwa kuwaza. Nilipanda naye.

Ilikuwa mashua ya yule nahodha mnene. Tuliondoka asubuhi, mbingu ikiwa safi. Nilikaa na mke wangu upande wa kushoto, juu ya magunia ya chumvi, chini ya turubai lililofunika mashua kutoka mbele hadi nyuma. Nikaanza kufanya kile ambacho nilikuwa nimekifanya usiku mwingi kitandani: kuupita mchoro kikaratasi kwa kikaratasi. Mzigo. Niliinama nikauona mstari mweupe juu ya maji. Injini. Ililia vizuri, bila kukohoa. Mbao. Mpya, bado zina harufu. Mwanga. Tungefika kabla ya jioni. Nahodha hakuwa amelewa. Jaketi. Mke wangu alikuwa ameivaa yake, rangi ya machungwa, imembana shingoni, na alikuwa akilalamika kuwa inamchoma.

Tulikwenda hivyo hadi baada ya kupita Yangambi. Kila nilipomaliza mchoro niliuanza upya, na kila mara nilikuta kila kitu mahali pake. Kidogo kidogo hofu ilianza kulegea. Sijui nielezeje utamu wa jambo hilo kwa mtu ambaye hajaogopa miezi na miezi. Nilimwambia mke wangu kwamba mto ni mzuri leo, naye akacheka, akasema asante Mungu, mume wangu amerudi.

Mitumbwi ikaja. Ilitoka kwenye majani ya ukingo wa kulia, mingi, wanawake wakipiga makasia wamesimama, wakiita. Walikamata ubavu wa mashua wakaacha ivutwe nayo. Chikwangue, samaki wa moshi, ndizi, na beseni la mpose, wale viwavi wanene wa mchikichi ambao mke wangu aliwapenda kuliko nyama yoyote.

Watu waliinuka. Niliwaona wakiinuka. Nilikuwa nimeupita mchoro mzima asubuhi ile, na ndani yake hapakuwa na kikaratasi cha mitumbwi. Nilikuwa nimekiondoa mimi. Sikuona mshale wowote, na kwa hiyo sikuogopa. Niliinuka nami, nikaenda upande wa kulia kumnunulia mke wangu mpose.

"Papa!" aliita nyuma yangu. "Papa, rudia! Bote muko upande moja!"

Nilisikia. Nilinyoosha mkono nimwonyeshe nasubiri kidogo tu. Beseni lilikuwa karibu na muuzaji alikuwa ameanza kuhesabu viwavi kwenye jani.

"Mukae! Mukae chini!" Sasa alikuwa akipigia kelele watu wote. Nahodha naye alipiga kelele. Mtu mmoja kando yangu alisema, "Ule mama anaogopa nini?" Kisha sakafu ikaondoka chini ya miguu yangu.

Haikuwa ghafla kama watu wanavyosema. Mashua ililala taratibu, ikasimama, kana kwamba inafikiri, na katika kusimama kule nilielewa kila kitu. Niligeuka. Mke wangu alikuwa juu sasa, upande ulioinuka, ameshika nguzo ya turubai kwa mikono miwili, na alikuwa ananitazama mimi. Magunia ya chumvi yalianza kuteleza. Niliita jina lake. Maji yalipanda ubavuni, yakaingia yote mara moja.

Sisi tuliokuwa ukingoni tulitupwa nje, katikati ya mitumbwi. Mkono wa mwanamke ulinishika shati, ukanivuta hadi kifua kikagonga mbao. Wanawake wale walivuta watu wengi sana. Waliacha biashara yao yote ielee, wakavuta watu. Kama mitumbwi ile isingekuwepo, hakuna ambaye angepona miongoni mwetu. Nalisema ili yeyote asije akaufanya mshale wa mke wangu kuwa fimbo ya kuwapigia.

Waliokaa upande wa kushoto, waliotii, walifunikwa. Mashua ilipinduka juu yao, na turubai likawa kama wavu. Jaketi iliyotengenezwa kumwinua mtu ilimwinua mke wangu hadi kwenye turubai, ikambana pale. Nilikuwa ndani ya mtumbwi, nikipiga kelele waniache nirudi majini, na yule mwanamke amenikalia mapajani kunizuia. Mpose walikuwa wakitambaa chini ya mtumbwi, kwenye miguu yangu.

Profesa alikuja nyumbani baada ya matanga, matanga yetu sasa. Alikuwa amelibeba lile turubai jeupe limekunjwa. Alilia kabla hajaketi. Alisema kosa ni lake, kwa sababu alikuwa amefikiri kwamba kukubaliana ndiyo kuelewa. Nilimwambia aliuliza swali, na mimi ndiye niliyejibu. Akasema yule mama wa chikwangue amekubali uzi wa mke wangu uwekwe, na amependekeza mwenyewe namna ya kuuandika: mitumbwi ije pande mbili, watu wakae, muuzaji ndiye apande. Yaani maneno yaleyale ya mke wangu, isipokuwa hilo la mwisho.

Tulilitandaza turubai uani. Nilivuta mstari mwekundu kutoka chini kushoto hadi juu kulia, bila rula. Unakata mistari yote. Mchoro umetundikwa tena bandarini, na wageni huuliza kwa nini mchoraji mzuri hivyo aliharibu kazi yake.

Sijapanda mashua tena. Injini ikinguruma mtoni alfajiri naamka nimeshika kitanda kwa mikono miwili, na hofu yangu haina kikaratasi hata kimoja cha kuipitia. Nilikubali kuacha mshale mmoja nje ili mistari yangu isikatane. Watu wengine walikufa kwa sababu hiyo, na familia zao nazijua. Mimi nilimpoteza mke wangu, ambaye alituonya sote ukumbini na kuniita mimi nirudi.